BWANA SHAMBA ANAJIBU: Gari Letu Limelowa Ndani



Mwezi uliopita nilipata barua kutoka kwa msomaji wetu mmoja wa bonde la Kilombero. Imeandikwa kwa penseli, na mwandiko wake unasomeka vizuri. Anaeleza kwamba kikundi chao cha wakulima wa mpunga kina pikapu moja. Waliinunua baada ya kuchanga fedha kwa misimu minne. Wakati wa masika dereva alivuka kijito kilichojaa. Maji ya matope yaliingia ndani mpaka chini ya siti. Wanakikundi waliyachota kwa kopo. Wakaliacha gari juani kutwa nzima. Jioni wakazipapasa siti, wakaona zimekauka. Wakafunga milango.

Siku ya nne gari lilianza kunuka. Siku ya kumi siti zilikuwa na madoa meupe na ya kijani. Sasa wanakikundi wanagombana. Wengine wanataka dereva alipe. Wengine wanataka gari liuzwe. Msomaji wetu ananiuliza: "Bwana Shamba, gari hili litapona?"

Litapona. Lakini kuna kazi ya siku kadhaa, na nitaieleza hapa.

Nilipoisoma barua hiyo nilicheka kidogo. Mimi si fundi wa magari. Kisha nikaona kwamba msomaji huyu amebisha mlango unaofaa. Mambo ya injini siyajui sana, lakini mambo ya kuanika nayajua. Nimewafundisha watu kuanika mpunga na mahindi kwa zaidi ya miaka ishirini. Gari likilowa ndani, kazi yake ni hiyo hiyo ya kuanika.

Huenda wewe unayesoma utasema: "Mimi sina gari, habari hii hainihusu." Je, mke wako akishikwa na uchungu usiku, atapanda nini? Mpunga wako unafikaje mashineni? Katika vijiji vingi gari ni moja au mawili, na kila mtu hulipanda siku yake ikifika.

Mimi mwenyewe nimewahi kupanda gari la namna hiyo. Ilikuwa usiku, na mvua ilikuwa inanyesha. Tulikuwa na mama mmoja aliyempakata mtoto wake mwenye pumu. Tulifunga vioo ili mvua isituingilie. Ndani mlikuwa na harufu ya kuvu, kama ya gunia lililosahauliwa kwenye kona ya ghala. Mtoto alizidi kukohoa. Kifua chake kikawa kinalia kama filimbi. Dereva akasimama, tukafungua vioo vyote, tukalowa mpaka zahanati. Mtoto alipona, tunashukuru. Mganga alituambia kwamba vumbi la kuvu huweza kuzidisha pumu. Tangu siku hiyo nikipanda gari lenye harufu ile, siketi kimya.

Kuvu hutoka wapi?

Kuvu ni kitu chenye uhai. Mbegu zake ni ndogo mno, hatuzioni kwa macho. Zimo hewani, zimo kwenye vumbi, zimo katika nguo zako sasa hivi. Zikitua mahali pakavu, hulala tu. Zikitua mahali pabichi, huamka na kuota. Hazihitaji muda mrefu. Kitu kilicholowa kikikaa siku moja au mbili bila kukauka, kuvu huanza kazi yake. Wewe utaiona baadaye, lakini itakuwa imekwisha kuota.

Gari lililofungwa ni mahali pazuri sana kwa kuvu. Mna joto, mna unyevu, na hakuna upepo. Tena mna chakula: matope, jasho la watu, makombo ya mihogo na maziwa ya mtoto yaliyomwagika.

Sasa, kwa nini wanakikundi walipapasa siti wakaona zimekauka? Hapa ndipo walipokosea, na hata mimi ningeweza kukosea. Fikiria mpunga ulioanikwa kwenye turubai. Ukiuanika mnene halafu usiugeuze, jioni utaona punje za juu zimekauka. Ingiza mkono chini. Kule chini bado ni mbichi, tena ni moto kidogo. Ukiujaza kwenye magunia hivyo hivyo, utaharibika.

Siti ya gari ni kama huo mpunga mnene. Kitambaa cha juu ni chembamba, hukauka kwa saa chache. Chini yake kuna sponji nene kama godoro. Sponji hunywa maji na kuyashika. Sakafu nayo ni vivyo hivyo. Kwanza kuna mipira ya kukanyagia. Chini yake kuna kapeti. Chini ya kapeti kuna kitambaa kizito kama blanketi. Chini kabisa kuna bati. Maji yakifika kwenye lile blanketi, hayana pa kutokea. Juani unaweza kukausha kapeti mpaka likawa gumu, na blanketi lake bado linatoa maji ukilikamua.

Kazi yenyewe

Anzeni siku ile ile gari lililolowa. Msingoje Jumamosi.

Kama maji yalifika kwenye injini, msiliwashe gari. Chomoeni kijiti cha kupimia oili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yamo ndani. Hapo mwiteni fundi, maana mimi sina la kuongeza. Vilevile mtu anayejua afungue betri, aanze na waya wenye alama ya kutoa (–), kwa sababu chini ya kapeti na siti hupita nyaya za umeme.

Toeni kila kitu kilichomo ndani. Jeki, makaratasi, matambara, mipira ya kukanyagia, hata kile kiatu kimoja kilichokaa chini ya siti mwaka mzima. Kisha toeni siti zenyewe. Watu wengi huogopa hapa. Siti nyingi za mbele zimefungwa kwa bolti nne tu, na kwa magari mengi ya Toyota spana namba 14 inatosha. Lakini angalieni kwanza chini ya siti. Magari mengi ya siku hizi yana mifuko ya hewa, ile inayofumuka gari linapogonga. Nyaya zake kwa kawaida ni za manjano. Mkiona nyaya za manjano, msizivute wala msizichomoe wenyewe. Kazi hiyo ni ya fundi.

Maji ya mto si maji ya mvua. Yana matope na mavi ya ng'ombe. Kwa hiyo kabla ya kuanika, osheni. Tumieni maji safi na sabuni kidogo, sugueni, suuzeni. Msimwage ndoo nzima ndani ya gari, mtajiongezea kazi. Matope yakikaukia ndani ya kapeti, kila masika yatavuta unyevu tena na harufu itarudi.

Baada ya kuosha, kamueni. Kukamua ni nusu ya kazi. Laza khanga kuukuu au taulo kavu juu ya kapeti, kanyaga kwa miguu yote miwili, inua, kamua, rudia. Siti iwekeeni ubao juu, mtu mzito akae. Mtashangaa maji yatakavyotoka kwenye siti ambayo jana mlisema imekauka.

Halafu anikeni. Siti na kapeti msiziweke chini ya ardhi, maana udongo wa masika una unyevu wake. Wekeni juu ya chanja, kama mnavyoanika vyombo, ili upepo upite juu na chini. Zigeuzeni kila baada ya saa chache. Mgongo wa siti nao uangalie jua, siyo uso tu. Lile blanketi la chini ya kapeti, kama linatoka, litoeni kabisa. Kama limegandishwa kwenye kapeti, inueni kapeti na kuweka vipande vya kuni chini yake ili hewa ipite.

Gari lenyewe ligeuzeni lielekee upepo, na mfungue milango ya pande zote mbili. Upepo ukiingia huku na kutokea kule, hubeba unyevu. Mlango mmoja ukifunguliwa peke yake, upepo hauna njia. Kama kijiji chenu kina umeme, feni moja iliyowekwa mlangoni hufanya kazi kubwa, hata siku ya mawingu.

Kabla ya jua kuzama, fungeni gari na kuingiza siti ndani ya nyumba. Hewa ya usiku ni nzito kwa unyevu, na umande wa alfajiri hurudisha maji mliyoyatoa mchana. Asubuhi, umande ukishaondoka, anikeni tena. Kwa jua kali huenda mkamaliza kwa siku tatu. Wakati wa masika hesabuni wiki au zaidi.

Jiko ndani ya gari: hapana

Sehemu hii naomba uisome polepole, na umsomee jirani yako ambaye bado anajifunza.

Mvua ikinyesha siku nyingi, watu hutafuta njia ya mkato. Huwasha jiko la mkaa, huliweka ndani ya gari, na kufunga milango ili joto likaushe. Usifanye hivyo kamwe. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu anayeingia kuangalia jiko, au anayelala humo kulilinda gari, anaweza kupoteza fahamu bila kusikia maumivu, akafa. Tena siti na mapambo ya ndani ya gari hushika moto upesi. Mngeanza na gari lenye harufu, mkamaliza na bati jeusi, au na msiba.

Mkaa usiowaka ni jambo lingine. Mkaa mkavu ndani ya kikapu au kopo hupunguza harufu. Chumvi kavu kwenye sahani huvuta unyevu kidogo. Tumieni, havina ubaya. Lakini hivyo ni wasaidizi tu. Havitakausha sponji iliyojaa maji. Na yale manukato ya kuning'iniza kwenye kioo, kwa maoni yangu, ni kumvisha mgonjwa shati jipya.

Utajuaje kama limekauka?

Wakulima wengi mnajua kupima mahindi kwa chumvi. Unachukua chupa kavu, unatia chumvi kavu na mahindi, unatikisa. Chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi bado mabichi. Kwa gari tutatumia karatasi.

Chukua gazeti, hata hili ukishalisoma. Hakikisha ni kavu. Likunje, liweke chini ya kapeti, weka jiwe juu yake, funga gari usiku kucha. Weka jingine katikati ya siti na mgongo wake. Asubuhi liguse. Likiwa limelegea au limelowa, endeleeni kuanika. Likiwa linatoa sauti kavu kama jana, vizuri. Angalieni pia vioo kabla jua halijapanda. Vikiwa na jasho kwa ndani wakati hakuna mtu aliyelala humo, unyevu bado umo mahali.

Kama kuvu imekwisha kuota

Hii ndiyo hali ya msomaji wetu. Ndugu yangu, usiisugue kuvu ikiwa kavu ndani ya gari. Mbegu zake zitaruka, utazivuta puani, na nyingine zitatua mahali papya. Funga kitambaa puani na mdomoni. Mwenye pumu asishike kazi hii, na watoto wakae mbali. Toa siti nje, mahali ambapo upepo unapeleka vumbi mbali na nyumba na mbali na mpunga ulioanikwa. Hapo ndipo upige brashi.

Kisha sugua kwa maji ya sabuni. Mahali pagumu, kama milango na vyuma vya siti, futa kwa siki, uache saa moja, ufute tena kwa maji. Jaribu kwanza mahali padogo pasipoonekana, usije ukachubua rangi. Watu wengine hutumia dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Hiyo huharibu vitambaa vya rangi. Na usiichanganye na siki hata kidogo. Vikichanganyika hutoa hewa ya sumu inayochoma kifua.

Pasua kidogo mshono wa siti chini na uangalie sponji. Ikiwa kuvu imeingia mpaka ndani, usipoteze sabuni. Itupe, umwendee fundi wa makochi, akukatie sponji mpya. Gharama yake itauma, lakini siti hiyo ndiyo atakayolazwa mgonjwa wenu.

Ikiwa gari halikupita mtoni na bado linalowa, tafuteni panapovuja. Mpira wa mlango hupasuka ukizeeka. Chini ya kila mlango kuna matundu madogo ya kutolea maji, nayo huzibwa na matope. Yazibueni kwa kijiti. Chini ya kioo cha mbele, karibu na vifutio vya mvua, majani ya miti hujaa na kuzuia maji, ambayo hugeuza njia na kuingia miguuni kwa abiria. Mwageni maji juu ya gari kwa kopo, mtu mmoja akae ndani na tochi. Ataona tone linapotokea.

Juu ya mpunga na juu ya dereva

Msomaji wetu aliongeza kwamba siku ya sita, gari likiwa linanuka, walibeba ndani yake magunia mawili ya mahindi ya chakula kwa kuwa nyuma kulikuwa kumejaa. Mahindi hayo naomba myakague. Nafaka kavu ikikaa kwenye unyevu huunywa, na kuvu huota.

Sisemi kwamba kuvu ya siti ndiyo ile inayoleta sumukuvu. Zipo kuvu za aina nyingi. Lakini mahindi na karanga zikilowa, zinaweza kuota ile yenye sumu, na sumu hiyo haiishi kwa kupikwa wala kwa kuanikwa tena. Mwaka 2004 huko Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na 125 kati yao walikufa. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu hapa kwetu pia, katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mahindi yenye kuvu msiyale, msiwape kuku, wala msiyapikie pombe.

Sasa dereva. Msomaji wetu anataka nitoe shauri, nami nitalitoa ingawa si kazi yangu. Dereva alikosea kuingia mtoni. Maji yanayokimbia, hata yakiwa ya kimo cha goti, yanaweza kulisukuma gari dogo likaacha njia. Angengoja maji yapungue, hata kama ni mpaka kesho yake. Kwa hilo aonywe. Lakini siku ile jioni siti zilipapaswa na kikundi kizima, na kikundi kizima kikasema zimekauka. Kuvu iliota kwa sababu ya neno hilo. Kwa hiyo gharama ya sponji na fundi itoke katika mfuko wa kikundi, naye dereva atoe nguvu zake katika kukamua na kuanika. Gari msiliuze. Likiuzwa likiwa na harufu hiyo, mnunuzi atawapunja.

Wenye bodaboda nao wameniuliza habari ya siti inayolowesha suruali ya abiria hata siku ya jua. Ngozi yake imepasuka, na sponji imekunywa mvua. Ivue, ikamue, ianike siku mbili, kisha uishone au uivalishe ngozi mpya. Mfuko wa nailoni unaofungwa juu ya siti iliyolowa hufungia maji ndani.

Mwezi ujao nitajibu barua tatu zilizokuja juu ya panya ghalani.